Jua, Mito ya Rwenzori na Hesabu ya Miaka Kumi na Mmoja



Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba, ambao huteremka kutoka milima ya Rwenzori na kupita Kilembe kabla ya kuufikia mji wa Kasese, ulivunja kingo zake ukabomoa nyumba, madaraja na mashamba. Mwezi Mei mwaka 2020 mto huo huo ulifurika tena, na safari hii haukuwa peke yake. Mito ya Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha, huu wa mwisho ukiwa ndio upitao mpakani karibu na Bwera na Mpondwe, ilijaa wakati mmoja. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya, na maelfu ya wananchi walilazimika kuyahama makazi yao.

Baada ya misiba ya namna hiyo watu huuliza maswali, na ni haki yao kuuliza. Miongoni mwa maswali hayo limo moja la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani: je, jua lenyewe linahusika? Imekwisha fahamika kwamba jua lina majira yake ya kuchafuka na majira yake ya kutulia, na kwamba majira hayo hurudi kila baada ya miaka 11 hivi. Kama ndivyo, kwa nini mkulima wa Bukonzo au mkazi wa bonde la Nyamwamba asifunguliwe kalenda ya jua akaambiwa mapema mwaka wa hatari ni upi?

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa katika maji ya maziwa yetu wenyewe. Lakini hatuna budi kuanza na jua.

Katika mji wa Dessau, Ujerumani, alikuwapo mtu mmoja jina lake Heinrich Schwabe, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza dawa. Tangu mwaka 1826 alilitazama jua kwa darubini kila siku ambayo mawingu yalimruhusu, akihesabu madoa meusi yaonekanayo juu ya uso wake. Hakuwa akiyatafuta madoa. Alikuwa akiitafuta sayari mpya iliyodhaniwa kuwapo karibu na jua kuliko Zebaki, akaona kwamba hataweza kuitambua itakapopita mbele ya jua asipoyajua madoa yote. Sayari hiyo hakuipata, kwa kuwa haipo. Lakini baada ya miaka 17 ya kuhesabu aligundua kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa zamu, na mwaka 1844 habari hiyo ikachapishwa. Yeye alikadiria zamu moja kuwa miaka 10. Wataalamu waliomfuata walipata wastani wa miaka 11, ingawa zipo zamu fupi za miaka 9 na zipo zilizokaribia miaka 14.

Miaka 15 baadaye, tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akiyachora madoa ya jua alipoona mwanga mkali ukichomoza ghafula ndani ya kundi moja la madoa na kutoweka baada ya dakika chache. Mwenzake Richard Hodgson aliuona pia mahali pengine. Saa 17 na ushee baadaye dunia nzima ilitikisika kisumaku. Simu za waya za Ulaya na Marekani zilivurugika, na mianga ya rangi ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia ilionekana hata katika nchi za joto. Kilele cha zamu hiyo ya jua kilifika mwanzoni mwa mwaka 1860. Kwa hiyo tangu siku ile ya kwanza milipuko ya jua na hesabu ya madoa vilikwenda pamoja.

Sababu yake ilifafanuliwa na karne ya ishirini. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale alionyesha kwamba doa la jua ni mahali penye nguvu kubwa mno za sumaku. Jua si jiwe wala chuma. Ni mpira wa gesi yenye umeme, na gesi ya katikati huzunguka upesi kuliko ile ya karibu na ncha. Kwa sababu hiyo nyuzi za sumaku zilizomo ndani yake hunyoshwa na kusokotwa, kama kamba inayosokotwa na watu wawili wasiokwenda mwendo mmoja, hata zikapenya uso wa jua na kutokeza nje. Penye kutokeza hapo ndipo tuonapo doa. Madoa ya mwanzo wa zamu huchomoza mbali na ikweta ya jua, na kadiri miaka ipitavyo mengine huchomoza karibu zaidi na ikweta hiyo, jambo ambalo mkewe na mume, Annie na Walter Maunder wa Uingereza, walilichora mwaka 1904 kwa picha inayofanana na mbawa za kipepeo. Zamu inapofika kileleni ncha mbili za sumaku za jua hubadilishana nafasi, hata ikawa ili kurudi pale hasa ulipoanzia ni lazima kungoja miaka 22.

Kamba iliyosokotwa kupita kiasi hukatika. Nyuzi za sumaku zikikatika na kuungana upya, nguvu iliyokuwa imefungwa ndani yake hufunguka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwako, yaani mmuliko mkali wa miali ambao hutufikia baada ya dakika 8 tu. Ya pili ni mtupo, yaani wingu zito la gesi yenye umeme na sumaku linalorushwa angani, nalo huchukua siku moja hadi nne kufika hapa kama limeelekezwa kwetu. Mara nyingi mambo haya mawili hufuatana, ila si kila mara.

Mwako ulijulikana tangu Carrington. Mtupo ulichelewa kujulikana kwa sababu hauonekani ila pale uso wa jua unapofunikwa, kama ilivyo wakati wa kupatwa kwa jua. Hapo ndipo huonekana lile taji jeupe la miali linalolizunguka jua. Katika nchi ya Ankole, kusini ya Kasese, habari ya kupatwa kwa jua huko Biharwe imehifadhiwa katika simulizi za falme. Inasimuliwa kwamba Mfalme Olimi wa Bunyoro aliyekuwa vitani alishtuka na kuziacha nyara zake, na wanahistoria wengi wamelilinganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Mtu hawezi kungoja miaka mia tano ili apate nafasi ya kulitazama taji hilo. Mwaka 1931 Mfaransa Bernard Lyot alifanikiwa kuliona kwa chombo kinacholifunika jua ndani ya darubini, na tangu mwaka 1971 vyombo vya namna hiyo vimerushwa juu ya hewa kwa setilaiti. Chombo kiitwacho SOHO, kilichorushwa mwezi Desemba 1995, kimeitazama mitupo hiyo kwa zaidi ya zamu mbili nzima.

Basi hesabu iliyopatikana ni hii. Katika miaka ya utulivu jua hutupa wingu moja hivi kwa siku mbili au zaidi, na mawingu hayo hutoka karibu na ikweta yake. Katika miaka ya kilele hutupa mawingu matatu hadi matano kwa siku moja, na hutoka pande zote, hata karibu na ncha. Miako mikubwa nayo huenda vivyo hivyo. Katika mwaka 2008 zilipita siku zaidi ya 260 ambazo uso wa jua haukuwa hata na doa moja, na mwako mkubwa haukusikika. Na siku jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, wananchi waliokusanyika Pakwach, kaskazini-magharibi ya Uganda, walibahatika kuliona taji la jua lililo karibu na kilele chake: taji la namna hiyo husambaza miali kila upande, ilhali la miaka ya utulivu hujinyosha kushoto na kulia tu.

Hadi hapa mtu angefikiri kwamba kazi imekwisha, na kwamba mwenye kuijua zamu ameijua milipuko. Sivyo. Zamu hutuambia wingi wa milipuko, haituambii siku ya mlipuko mkubwa. Kilele cha zamu moja kilipita mwaka 2001, lakini mwako mkubwa kuliko yote iliyopimwa tangu setilaiti zianze kupima ulitokea tarehe 4 Novemba 2003, jua lilipokuwa likielekea kwenye utulivu. Mwezi Septemba 2017, ikiwa imebaki miaka miwili na ushee tu kufikia chini kabisa, jua lilitoa miako miwili mikubwa siku ya tarehe 6 na tarehe 10. Wakati huo huo kimbunga kiitwacho Irma kilikuwa kikivipiga visiwa vya Karibiani, na mawasiliano ya redio ya mawimbi mafupi yaliyokuwa yakitumiwa na waokoaji yakakatika kwa muda. Mtu aliyeitegemea kalenda peke yake angesema kwamba mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa amani.

Sasa tuje kwenye maziwa.

Vipimo vya kina cha maji ya Ziwa Victoria vilikuwa vikichukuliwa mfululizo tangu mwaka 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alivichukua vipimo hivyo pamoja na vile vya Ziwa Albert, akavilinganisha na hesabu ya madoa ya jua. Alichokiona kilishangaza. Madoa yalipozidi, ziwa lilijaa. Yalipopungua, ziwa lilishuka. Jua lilifika kileleni mwaka 1906 na mwaka 1917, na ziwa likapanda. Likafika chini mwaka 1913 na tena mwaka 1923, na ziwa likawa limeshuka. Ulinganifu wa namna hiyo ni nadra katika elimu ya hali ya hewa, na serikali za kikoloni, zilizokuwa zikipiga hesabu za maji ya Nile kwa ajili ya pamba ya Misri na ya Sudan, hazikukosa hamu nao. Ilionekana kana kwamba ufunguo wa mvua za Afrika Mashariki umepatikana, na kwamba ufunguo huo unaning'inia angani mbele ya macho ya kila mtu.

Haukupita muda mrefu kabla ya ufunguo huo kukataa kufungua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ziwa na jua viliachana njia. Kisha zikaja mvua za mwaka 1961. Kati ya mwisho wa mwaka huo na mwaka 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likafika mita 13.41 katika kipimo cha Jinja, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu vipimo vilipoanza. Gati zilizama na mashamba ya pwani yakaliwa na maji. Na jua je? Jua lilikuwa limefika kileleni mwaka 1958, kilele kikubwa kupita vyote vilivyohesabiwa, na mwaka 1964 ndio uliokuwa mwaka wake wa utulivu kabisa. Ziwa lilijaa kupita kiasi katika saa ile ile ambayo, kwa kanuni ya Brooks, lingepaswa kukauka.

Jambo hilo lilijirudia. Kipimo cha mwaka 1964 kilivukwa mwezi Mei 2020, ziwa lilipofika mita 13.42, yaani miezi mitano tu baada ya jua kufika chini ya zamu mwezi Desemba 2019. Huo ndio mwezi ambao mito ya Kasese na Bwera ilifurika. Na kama mtu angetaka sasa kuigeuza kanuni iwe kinyume chake, akasema kwamba mafuriko huja jua linapotulia, basi aikumbuke Nyamwamba ya mwaka 2013, iliyofurika wakati jua likikaribia kilele chake cha Aprili 2014.

Haki itendeke hata hivyo. Brooks hakudanganya, na vipimo vyake vilikuwa sahihi. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza upya maziwa ya Afrika Mashariki walionyesha kwamba katika karne ya ishirini mvua zilizozidi wastani zilielekea kutokea mwaka mmoja hivi kabla ya kilele cha madoa. Huenda basi upo uhusiano hafifu. Lakini mwangaza wa jua kati ya kilele na utulivu hutofautiana kwa sehemu moja tu katika elfu, na sauti ndogo kama hiyo humezwa kwa urahisi na sauti kubwa zaidi. Sauti kubwa ni Bahari ya Hindi. Mwaka 1961, na tena mwishoni mwa mwaka 1997 na wa 2019, maji ya bahari upande wa kwetu yalipata joto kupita yale ya upande wa Indonesia, mvuke mwingi ukasukumwa bara, na mvua ikanyesha pasipo kipimo. Anayetaka kujua kama Nyamwamba itafurika ataitazama bahari iliyo mbali naye kwa zaidi ya kilomita 1,000, ardhi ya milimani iliyovuliwa miti, na mawe yaliyorundikana katika mkondo wa mto tangu furiko lililopita. Madoa ya jua yatakuwa ya mwisho katika orodha yake.

Theluji ya Rwenzori yatoa ushahidi wa namna nyingine. Mtawala wa Abruzzi wa Italia alipoifikia kilele cha Margherita mwezi Juni 1906, barafu ya milima hiyo ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba 6.5. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Tangu mwaka huo wa 1906 jua limepanda na kushuka, na vilele vya zamu zake vimefika 12 pamoja na kile cha mwaka 2024. Barafu haikupanda na kushuka pamoja nalo. Imekwenda upande mmoja tu.

Isidhaniwe kutokana na maneno haya kwamba zamu ya jua haimhusu mwananchi wa Kasese. Yamhusu, ila kwa mlango mwingine. Ikweta ya dunia hupita Kikorongo, katika wilaya hiyo hiyo, ambapo wasafiri husimama kupiga picha. Mwezi Machi na mwezi Septemba jua la adhuhuri hukaa pale wima juu ya kichwa. Mwako mkubwa ukitokea saa hiyo, tabaka la juu la hewa linaloyarudisha mawimbi mafupi ya redio hulemewa, na pigo lake huwa kali zaidi pale jua lilipo wima. Wazee watakumbuka enzi ambazo habari zote zilivuka milima kwa mawimbi mafupi, jinsi kituo kilivyoweza kuzimika adhuhuri na kurejea baada ya nusu saa, mtu akalaumu betri. Watakumbuka pia kwamba yako miaka ambayo stesheni za mbali zilisikika kama ziko chumba cha pili, na iko mingine ambayo zilipotea kabisa. Hiyo ilikuwa zamu ya jua ikijitangaza ndani ya redio. Kilele kililineneza tabaka hilo na kuyafikisha mawimbi mbali, utulivu ulilipunguza.

Siku hizi redio nyingi husikika kwa mitambo ya karibu isiyolitegemea tabaka hilo. Badala yake yamekuja mambo mapya. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2023 inayodai kwamba kahawa inunuliwayo huko ijulikane shamba ilikotoka, kwa vipimo vya setilaiti. Kahawa ya Bukonzo, inayopandwa kwenye miteremko ya juu ya Bwera, haikusalimika na dai hilo. Setilaiti hizo hupeleka ishara zake kupitia tabaka lile lile. Katika nchi za ikweta tabaka hilo huchafuka baada ya jua kutua, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, na huchafuka zaidi katika miaka ya kilele. Huko Mbarara kimewekwa chombo cha kudumu cha kupokea ishara za setilaiti, na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Mbarara na Makerere wamekuwa wakiupima uchafukaji huo tangu zamu iliyopita. Mpimaji wa shamba atapata nafuu akifanya kazi yake mchana, na akirudia kipimo ambacho hakiamini.

Tarehe 10 na 11 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku kali kuliko zote tangu ile ya mwaka 2003. Mianga ilionekana katika nchi nyingi ambazo haijazoeleka. Katika mwezi huo huo Ziwa Victoria lilikuwa limefurika tena, na wakazi wengi wa mwaloni walikuwa wamehama. Wapo walioyaunganisha mambo hayo mawili. Lakini mvua zilizolijaza ziwa hilo zilikuwa zimeanza kunyesha mwishoni mwa mwaka 2023, miezi mingi kabla ya dhoruba hiyo, na bahari ilikuwa na joto upande wa kwetu.

Kutoka kilele cha Oktoba 2024 jua sasa limeanza kuteremka. Kwa wastani wa zamu zilizopita litafika chini mnamo mwaka 2030 au karibu yake, na katikati ya safari hiyo, kama ilivyokuwa mwaka 2003 na mwaka 2017, yaweza kutokea miako mikubwa. Mito minne ya Kasese na Bwera haitangojea tarehe hiyo. Wakazi wa Kilembe wanayajua majira yao: mvua za Machi hadi Mei, na zile za Agosti hadi Novemba, kila mwaka, jua liwe na madoa au lisiwe nayo.